Mteja wa Fundi Miwani

11 Januari

Shikamoo, wifi yangu Pasi,

Natumaini goti limepata nafuu na unalala vizuri. Mimi ni mzima, ukiacha yale mambo madogo madogo ambayo mwili wa umri wetu huyaleta bila kupiga hodi. Mwanao, huyu niliyezaa na mdogo wako, anakusalimu sana. Wamemhamishia tawi jingine la kazi, lakini kila Jumapili anakuja kunitazama. Anafungua friji na kulikagua kama mkaguzi wa afya, ananiuliza nimekula nini, kisha anasinzia kwenye kiti cha marehemu baba yake mpaka wakati wa kuondoka. Mkewe hajambo. Mjukuu wetu wa mwisho ameng'oka meno ya mbele na anakutumia "thalamu nyingi", basi zipokee hivyo hivyo.

Najua simu na masikio yako havielewani tena. Na mimi niliyemaliza ujana wangu kwenye ubao wa simu, nikiwaunganisha watu wengine ili wao waongee, nimezichoka sauti zisizo na uso. Kwa hiyo naandika. Tena hili nataka kulisema ningali nimejipanga.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, niliikalia miwani yangu. Pale chini ya zahanati kuna fundi miwani, mgane, mtu wa makamo yangu, na kila mtu humwita hivyo hivyo, Fundi Miwani. Alinyoosha fremu, akafuta vioo kwa kitambaa, akanivika mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja. Akaniuliza, "Sasa unaniona?" Nikamwambia namwona. Akasema, "Basi wewe ndiye wa kwanza leo." Nilicheka mpaka watu waliokuwa kwenye foleni ya zahanati wakageuka. Akaniambia nirudi baada ya wiki aangalie kama skrubu imeshika. Nilirudi, ilikuwa imeshika. Wiki iliyofuata nilirudi tena, na wewe sikufichi: mara hiyo niliilegeza mwenyewe kwa ukucha.

Tangu hapo nimekuwa nikikaa naye dukani asubuhi. Yeye anakata vioo, mimi nawaita wagonjwa wake kwa sauti yangu ile ya kazini, na wanaitika. Mwezi uliopita aliniomba tuoane. Niliwaambia wanangu. Mwanao akasema, "Shangazi akikubali, mimi sina neno." Dada yake naye akasema vivyo hivyo.

Wewe ndiye uliyembeba mdogo wako mgongoni, na katika watu wao wewe ndiye mkubwa uliyebaki. Sikuombi ruhusa, nakuomba neno lako. Nisingependa kwenda kwa mtu mwingine huku umenipa mgongo.

Wifi yako,
Haloo


6 Februari

Haloo, marahaba.

Barua yako ilifika ikiwa imelowa pembeni lakini inasomeka. Hapa tu wazima wote. Binti wa marehemu dada yangu anakusalimu, na mumewe, na watoto wao, ambao siku hizi nawaona migongo tu kwa sababu nyuso zao ziko kwenye simu.

Goti lipo. Wiki iliyopita walinipeleka kupimwa kila kitu, damu, mkojo, presha, nikafungwa nyaya kifuani kama redio mbovu. Daktari ni kijana wa ndevu za juzi. Akatazama karatasi zake, akacheka kwa furaha, akasema, "Bibi, moyo wako ni wa msichana. Ukiendelea hivi utafika mia." Binti akapiga makofi. Mimi niliomba kwenda msalani, na huko nililia. Niliporudi aliona macho yangu, akadhani ni furaha, akanikumbatia mbele ya watu.

Mia, Haloo. Nikazifanyie nini? Hapa siruhusiwi kushika kitu. Nikinyanyuka naambiwa, "Mama mkubwa, pumzika." Nimepumzika mpaka mapumziko yenyewe yamenichosha. Pasi wameificha juu ya kabati eti nitajiunguza, mimi niliyekuwa nikinyoosha shuka za hoteli nzima kabla wageni hawajaamka. Kila asubuhi namwona baba wa nyumba akienda ofisini na shati lililokunjamana kama limetafunwa na ng'ombe, na mimi nimekaa kimya na uji wangu. Daktari aliniambia nitembee, nile mboga, nilale mapema. Hakuniambia mtu anayeishi muda mrefu anaishi na nani.

Yule mama wa nyumba ya pili, niliyekuwa nakaa naye barazani, amefariki. Alikuwa wa mwisho mtaani ambaye tukianza hadithi hatuhitaji kuelezana ni akina nani hao.

Umeandika na mambo mengine. Nimeyasoma.

Pasi


24 Februari

Shikamoo, wifi.

Pole sana kwa msiba wa jirani. Namkumbuka, ndiye aliyesema chai yangu ina aibu, haikolei. Pole na mapumziko pia. Nimecheka habari za shati mpaka nikamsomea Fundi Miwani, naye akasema mtu huyo akija dukani kwake atampatia kioo cha kujitazama badala ya miwani.

Sisi hatujambo. Mjukuu ameota jino moja. Mwanao ana mafua.

Wifi, umesema umeyasoma, lakini hukusema umeyaonaje. Labda sikueleza vizuri, acha nijaribu tena.

Baada ya mdogo wako kufariki, watu walikuwa wema. Walinishauri nisali, nijishughulishe, nikae na wajukuu. Nilifanya yote hayo. Lakini kulikuwa na asubuhi. Nilikuwa naamka, nafungua redio ili yule mtangazaji aseme "habari za asubuhi", na mimi, peke yangu jikoni, namjibu nzuri. Siku moja umeme ulikatika, na nilikaa mpaka mchana ndipo nikagundua kuwa sijatoa sauti tangu nilipoamka. Niliogopa sana. Watu hufikiri mzee anaogopa kufa. Mimi nilichoogopa ni kwamba nilikuwa nimeanza kuzoea.

Sasa kuna mtu anayeuliza kwa nini nimechelewa. Ni hilo tu, wifi. Ukiwa msichana unataka mengi kwa mwanamume. Kwa umri huu mimi nimetaka mtu atakayeona kwamba nimechelewa.

Simwondoi mdogo wako. Kiti chake kipo na Fundi Miwani akija hakikalii, bila kuambiwa. Yeye naye anamtaja marehemu mkewe kila siku na mimi nauliza maswali. Hatushindani na wafu wetu, tunawatembeza.

Ana haraka kidogo. Wanawe wanataka afunge duka ahamie kwao, na anasema tukiwa tumeoana watamwacha hapa. Nijibu, hata kwa mstari mmoja.

Haloo


2 Mei

Haloo,

Usishangae kuchelewa. Binti hakupata nafasi ya kwenda posta, kisha kulikuwa na sikukuu za shule, kisha mimi mwenyewe sikujisikia vizuri. Wote wanakusalimu.

Umetaka neno langu, basi hili hapa.

Mdogo wangu nilimlea mimi. Mama alipokuwa sokoni, aliyemkausha machozi ni mimi. Nguo aliyokuoa nayo niliinyoosha mimi, na kola yake ilisimama hata jasho la siku nzima halikuilaza. Miaka yote mliyokaa pamoja hakukupiga, hakukutukana, na hakukuacha ulale na njaa. Alikuwa mkimya, najua, lakini ukimya si kosa. Hata udongo wake bado haujapata majani vizuri, na wewe umekaa na mwanamume mwingine mbele ya watu, unawaita wagonjwa wake kwa majina.

Una wajukuu. Mwanamke wa umri wako akisema anaolewa, watu hawasemi hongera, wanatazamana. Wanao ndio watakaochekwa. Na ukiugua je? Na yeye akiugua? Umemaliza kumuuguza mmoja, mgongo wako bado unauma, unatafuta mwingine wa kumgeuza kitandani?

Sisemi usiolewe, wewe ni mtu mzima. Nasema baraka yangu usiiombe, kwa sababu sina.

Goti linauma wakati huu wa baridi.

Pasi


13 Mei

Shikamoo, wifi.

Barua yako nimeipata na nimeielewa. Wanao nimewaambia ulivyosema, na wameona ni vyema. Fundi Miwani pia nimemwambia. Alikuwa anasafisha mikono. Akasema hana neno, watu wazima huwa wana watu wa kuwasikiliza. Akaniuliza kama nitaendelea kuja asubuhi, nikamwambia tutaona.

Mjukuu hajambo. Mafua ya mwanao yamepona.

Pole na goti.

Haloo


9 Juni

Haloo wangu,

Barua yako fupi hiyo, wino umepanda bei kwenu? Sisi wazima. Nina habari za kukuchekesha. Juzi binti alitoka, nikapanda juu ya kigoda, nikaishusha pasi, nikanyoosha mashati yote ya baba wa nyumba. Aliporudi alifikiri wameajiri mtu. Waliponigundua nikakaripiwa na mke wakati mume ananikonyeza. Asubuhi yake alitoka amenyooka kama askari wa gwaride, na majirani wakageuka kumtazama.

Nimefurahi umesikia ushauri. Utaona ni heri. Mambo ya moyo hupita, ni kama homa.

Hebu niambie, yule mke wa mwanao bado anapika bila chumvi? Na ule mti wa uani, umeukata? Nilikuwa nakumbuka siku ulipoletwa kwetu, ukagongewa mlango, na badala ya kuitikia "karibu" ukaitikia "haloo", kwa mazoea ya kazi, na mdogo wangu akacheka mpaka akakaa chini. Mimi na wewe tu ndio tuliobaki tulioiona siku hiyo. Niandikie kwa kirefu.

Pasi


20 Julai

Haloo,

Hujajibu. Labda posta.

Pasi


3 Septemba

Wifi yangu Haloo,

Salamu nyingi. Mwanao alipiga simu kwa binti. Mimi sikusikia maneno, niliona tu uso wa binti unavyobadilika. Aliponieleza alisema umekonda na huongei sana, na kwamba ukiulizwa unasema ni umri. Nilimuuliza kama kuna zaidi ya hayo, akasema hajui.

Nimeianza barua hii mara nyingi na kuichana. Sasa naiandika bila kusimama, na makosa yake uyasamehe.

Nilikuandikia kuhusu watu watakaotazamana, na kola, na udongo usio na majani. Yote yalikuwa maneno ya kuazima. Mdogo wangu asingekasirika. Alipokuwa anaugua aliniambia, nikiwa nampepea, "Dada, huyu asije akabaki peke yake, hawezi kunyamaza." Nilimwitikia. Sikukuambia hilo, na nilipoandika barua ya Mei nililijua.

Sababu yenyewe ni ndogo na inanitia aibu. Waliokuwa wananijua wameisha. Wazazi, ndugu wote, marafiki wa dobi, na sasa jirani. Hapa ndani mimi ni Mama mkubwa, mtu aliyezaliwa mzee. Hakuna anayejua kwamba niliwahi kuruka ukuta wa hoteli kwenda dansi. Wewe unajua, kwa sababu ndiwe uliyenishikia viatu. Nilipoona unaolewa, nikajisemea, sasa atakuwa mke wa mtu mwingine, atapata mawifi wengine, na jina Pasi litakosa mtu wa kuliita. Daktari kanipa miaka mingine mingi, na niliona nitaikaa yote nikiwa sifahamiki. Nikaona nikushike. Mtu anayezama hashiki kwa upole.

Olewa, Haloo. Baraka ninayo na ilikuwepo tangu mwanzo. Mwambie huyo fundi mwenyewe kwamba dada wa marehemu anamsalimu na anaomba apimiwe miwani. Nitakuja harusini hata kama ni kwa kubebwa. Nguo yako nitainyoosha mimi.

Nijibu upesi.

Wako,
Pasi


22 Septemba

Shikamoo, Pasi.

Sisi tuliobaki tu wazima. Mwanao na mkewe wanakusalimu.

Barua yako ya Septemba imefika. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Nitakueleza yaliyotokea, kwa utaratibu, kwa sababu nikiyachanganya sitaweza kumaliza.

Baada ya jibu lako la Mei nilipunguza kwenda dukani, nikawa naenda mara moja moja. Yeye hakulalamika. Mwisho wa Juni wanawe walimwambia tena ahame, naye hakuwa na la kuwajibu, akakubali kuondoka mwezi wa Agosti. Aliniambia huku anamtengenezea mtoto fremu, hakunitazama. Nikamwambia ni vizuri, atapata wa kumwangalia. Tulikuwa tunasemezana kama watu wa ofisini.

Katikati ya Julai nilipita nikakuta mlango wazi na kiti kitupu. Muuza magazeti akaniambia ameanguka asubuhi, amechukuliwa na gari la wagonjwa. Nilikwenda hospitali na nguo niliyokuwa nimeivaa. Pale mlango wa wodi muuguzi mmoja, binti mpole, akaniuliza, "Mama, wewe ni nani wake?"

Pasi, mimi nimejibu simu za mawaziri. Sijawahi kukosa neno. Pale nilisimama na nikatafuta. Mke si mimi. Ndugu si mimi. Mchumba, kwa umri huu, niliona binti yule atatabasamu, na tabasamu hilo nisingeliweza. Nikasema, "Mteja wake." Akaniambia wanaoruhusiwa kuingia ni jamaa wa karibu, lakini salamu zangu atazifikisha. Nikamshukuru.

Nilikaa kwenye benchi la nje kila siku aliyokuwa humo. Wanawe walifika kutoka mji wa jirani. Binti yake mkubwa, mfamasia, alinipita mara kadhaa akaniamkia kama unavyomwamkia mzee yeyote. Sikujitambulisha. Ningesema nini? Kisha siku moja alitoka analia ukutani, na mimi nikajua. Nilinyanyuka nikaenda nyumbani kwa miguu. Mwanao alikuja Jumapili akakagua friji. Akaniuliza kwa nini sili. Nikasema ni umri. Alikubali haraka sana. Umri ni jibu ambalo watoto hawaliulizi mara ya pili.

Mazishini nilisimama na wateja. Tulikuwa wengi, wote tumevaa kazi ya mikono yake usoni. Waliwapa pole jamaa zake waliokaa mbele, nami nikapanga foleni nikawapa pole. Mwanawe wa kiume akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Asante kwa kuja, mama." Hakuna aliyenipa pole mimi. Hakuna aliyekosea, hawakujua.

Nilipofiwa na mdogo wako nilikuwa na haki ya kulia kwa sauti. Nyumba ilijaa, nilipikiwa, nililishwa, nilifunikwa. Sasa nafiwa kwa siri kama mtu aliyeiba. Naamka, naoga, nasalimiana na watu njiani, wananiambia nimezeeka vizuri.

Ungeandika barua hii ya Septemba mwezi wa Februari, ningekuwa ndani ya wodi. Sikulaani. Lakini siwezi kuandika barua nzima na hilo nisiliseme.

Haloo


1 Oktoba

Wifi yangu,

Pole. Pole kwa kufiwa na mwenzako. Nimeandika neno hili na nimelitazama, na najua limechelewa.

Sitajitetea. Nakuja. Binti amekataa, ameniambia kwa umri wangu safari ya basi ya siku nzima itaniua, akampigia daktari yule kijana ili anitishe. Nikamwambia daktari mwenyewe, kwa ukali, kwamba alinipa moyo wa msichana basi aniache niutumie. Binti akaniuliza kwani kuna nini huko kisichoweza kusubiri. Nikamjibu, "Wifi yangu amefiwa." Akashangaa, akasema si mumewe alishafariki? Nikamwambia ni mwingine, na kwamba huyu hakupata nafasi ya kumlilia. Kisha akaenda kunikatia tiketi, na atanisindikiza mwenyewe.

Usipike. Usitandike. Usinisamehe kwa ajili ya safari hii.

Pasi


30 Novemba

Shikamoo, Pasi.

Nimefurahi kusikia mlifika salama na kwamba miguu imeshuka uvimbe. Mwambie binti ahsante kwa kukuacha kwangu muda wote ule na kurudi tena kukuchukua. Sisi tu wazima. Mwanao hakukagua friji Jumapili hii. Alikaa jikoni nami, akaniuliza Fundi Miwani alikuwa mtu wa namna gani. Nilimweleza hadi chai ikapoa. Kisha akaomba radhi kwa kulisukumia kwako neno lililokuwa lake kulisema. Nadhani uliongea naye, sitakuuliza.

Nataka niliandike lile la siku ile kwa yule binti mfamasia, maana tangu tulipotoka kwake hatukulizungumza, mimi na wewe. Uliponiburuta kwenda, niliogopa. Ulikaa sebuleni kwake na fimbo yako magotini, na alipouliza atusaidie nini, ukasema, "Mimi ni wifi wa huyu. Yeye na marehemu baba yako walikuwa waoane. Aliyezuia ni mimi. Nimemleta apewe pole yake." Hukulainisha, hukupamba. Mimi nikatazama zulia. Nilidhani atatufukuza. Akauliza kama mimi ndiye niliyekuwa nakaa kwenye benchi. Nikasema ndiyo. Akafunika uso. Akasema kila siku baba yao alikuwa anauliza nje kuna nani, wakamjibu hakuna mtu, ni wageni wa wagonjwa wengine.

Hilo, Pasi, sijui nitaliweka wapi. Wewe ulilia hapo hapo. Mimi nililia siku ya tatu, nikiwa nafua, na ukaja ukashika ile shuka upande wa pili tukaikamua bila kusema. Kwa mara ya kwanza tangu Julai nililia na mtu akiwa karibu. Yule binti amenitembelea tena baada ya wewe kuondoka. Hatuna la kuongea sana. Anakaa, anakunywa chai, anaondoka. Ananiita mama, na sijui kama ni adabu au ni zaidi.

Sasa lile jingine. Siku ya kuondoka, ukiwa umeshaketi dirishani, uliniuliza kama nimekusamehe. Nilijifanya sikusikia kwa sababu ya injini. Wewe ndiye kiziwi, si mimi. Nilisikia.

Jibu ni kwamba bado. Ningeweza kusema ndiyo, wewe ungelala vizuri, na watu husema wazee wasamehe haraka kwa kuwa muda umewaishia. Lakini sitaki kukupa maneno ya kuazima, ya namna hiyo nimeshayapokea. Asubuhi zingine naamka nakupenda. Asubuhi zingine nakumbuka ule mlango wa wodi na sitaki hata kuiona hati ya mkono wako. Hasira ya umri huu haina mbio, inakaa, inaondoka polepole kama inavyoondoka baridi kwenye nyumba ya mawe.

Lakini inaondoka. Nimeipima na naiona. Inahitaji muda, na huo muda nautaka wewe ukiwepo, si niusamehe udongo wako siku fulani na wewe husikii. Kwa hiyo yale aliyokuambia yule daktari, yafanye. Tembea asubuhi. Kula hizo mboga. Waambie wakurudishie pasi yako. Uliniuliza zamani hiyo miaka mingine ukaifanyie nini.

Nisubiri.

Wifi yako,
Haloo